Fundi wa Mabegi na Keki ya Medan

Alizaliwa wapi na mwaka gani, muulizeni mwenyewe, na akiwajibu msimwamini. Mimi nilimkuta Rosettenville, hapa Johannesburg, tayari ana mvi, amekaa kwenye kigoda chini ya bati lililoegemezwa ukuta wa saluni ya Mkongo, sindano ya gunia mkononi na begi la mtu limepasuliwa mapajani mwake. Sote tulimwita Fundi. Mtaa ule una mafundi wa kila namna, wa simu, wa friji, wa magari yasiyopona, lakini ukisema Fundi peke yake hakuna aliyeuliza yupi.

Kazi yake ilikuwa mabegi ya safari. Zipu iliyong'oka meno, gurudumu lililokwama, mkono wa sanduku uliogoma kutoka. Mtanzania, Mkongo, Mrundi, Mkenya, kila aliyekuwa na safari alipitia kwake kwanza, kwa sababu begi likipasuka uwanja wa ndege ni aibu ya ukoo mzima: sidiria za mama mkwe zinazunguka kwenye mkanda mbele ya halaiki. Fundi aliijua hofu hiyo na aliitumia vizuri. Alilipokea begi lako, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha, akaguna.

"Limezidi."

"Nimelipima nyumbani, Fundi."

"Mizani ya nyumbani inakuogopa."

Ukifika uwanja wa ndege unakuta kweli limezidi, na hapo ndipo unapomchukia zaidi. Ndivyo alivyokuwa. Katika mambo madogo alisema kweli tupu, na katika makubwa alidanganya bila kupepesa, na ukimbana kwenye makubwa alikimbilia madogo akajificha huko.

Adabu na mali za watu hakuwa nayo. Alisema fundi hawezi kushona begi asilolijua ndani, basi akaingiza mkono na kutoa kimoja kimoja mbele ya wapita njia. "Hii dawa ya kukuza nywele unampelekea nani?" alimuuliza kijana mmoja wa Tanga. "Baba yako namjua. Kipara kile hakitaki dawa, kinataka kofia." Kijana akacheka kwa lazima, maana zipu yake ilikuwa bado mikononi mwa adui.

Alidharau watu wanaoabudu ili waonekane, na mswala wake yeye aliuning'iniza pale pale mbele, mahali ambapo mteja hawezi kuinua kichwa asiuone. Alisema sukari inaua, huku akitia vijiko vinne kwenye chai. Na mwanamke akija na begi la msiba, anakimbilia kwao kuzika, Fundi aliacha kazi zote, akalishona begi lile papo hapo, hataki hata kusikia habari ya malipo. Lakini alishona huku akimkaripia: nguo umezikunja vibaya, kanga ya mazishi huiweki chini kabisa, wewe ulilelewa na nani. Mama wa watu anaondoka machozi yamekauka kwa hasira. Nilidhani ni ukatili tu. Siku yangu ya msiba ilipofika nikajua hasira ile inabeba mtu mpaka ndegeni.

Lakini kilichomfanya awe Fundi kwetu kilikuwa ushuru wake. Akimaliza kazi, kabla hajakukabidhi begi, alilishika kwa mkono mmoja na kusema, "Ukirudi, uniletee cha kula." Hakutaka pete ya funguo. Hakutaka kofia wala kikombe chenye picha ya mnara. "Kikombe nikiangalie, halafu?" alikuwa akisema. "Safari isiyopita tumboni ni umbea." Tuliita jambo hilo forodha ya Fundi, na hakuna aliyeikwepa. Ukirudi mikono mitupu, safari ya pili zipu yako ilikuta zipu nyingine mbele yake, na nyingine, na nyingine.

Na ukileta, ndiyo balaa lenyewe. Alionja hadharani. Msusi wa Kikongo aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akatoka nje kusikiliza hukumu. Halua ya Zanzibar: "Mpishi alikuwa na haraka." Tende za Madina, za mtu aliyetoka kufanya umra na bado ananukia manukato ya huko: "Nasema kwa heshima zote za mji. Kavu." Vile vitamu vya Istanbul vilivyopakwa unga mweupe: "Sabuni." Kulikuwa na Mkenya mmoja wa benki, anakaa Sandton kwa matajiri, gari lake lilijaza nusu ya barabara yetu. Alimletea biskuti za London ndani ya kopo zuri. Fundi alikula mbili, akaligeuza kopo huku na huku.

"Bati zuri," akasema. "Litatunza misumari."

"Lakini biskuti je, Fundi?"

"Nimekwambia bati zuri."

Baada ya kila hukumu alitazama kule kwenye robot, taa za barabarani za kona, kana kwamba taa zile ndizo zinazuia habari yake, akapumua, akasema, "Medan, hapo sasa."

Tuliijua Medan yote kwa moyo. Ni mji wa Indonesia, kwenye kisiwa cha Sumatra, na Fundi alifika huko ujanani kwa meli, zama za ubaharia wake. Huko kuna keki ya manjano, chini imeungua kidogo ikawa ya kahawia, na ndani ina mashimo membamba yaliyosimama wima, ukichungulia juu unaona chini. Msafiri yeyote anayetoka mji ule hubeba boksi lake limefungwa kamba, maana kurudi kwao bila keki hiyo ni kama hakwenda. Aliieleza rangi, akaieleza harufu, nazi na majani fulani yanayofanana na ya ndimu. Tukimuuliza ladha yake alijibu, "Ladha haisimuliwi, ladha huliwa." Tukamwachia, maana sisi tulikuja Johannesburg kwa mabasi, tumekunjana kama nguo za mtumba, tumelala mipakani juu ya mizigo yetu. Yeye alivuka bahari kwa meli na kukanyaga ng'ambo kabla yetu sote. Medan ndiyo ilikuwa cheo chake. Mngemvua hiyo, angebaki mzee wa kushona zipu mwenye mdomo mchafu.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nauza hijabu na mabaibui. Sina majivuno mengi duniani, ila mkate wangu wa kumimina naujua. Mchele uliolowekwa, tui zito, hamira, iliki, na subira. Watu wa Hillbrow walinipigia simu kuuagiza kwa ajili ya harusi. Idd moja nilimpelekea Fundi kipande kizima kwenye sahani ya udongo, kwa wema wangu. Akakitazama kwa ubavu.

"Mashimo yamelala," akasema.

"Yamelala vipi?"

"Yamelala, binti. Yamechoka. Ya Medan yanasimama."

Msusi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilirudi nyumbani na sahani yangu, nikaapa: Mungu akinifikisha Medan, nitaibeba keki hiyo mpaka kwenye kigoda chake, aitie mdomoni mbele ya watu, tuone inavyosimama.

Mungu hana haraka lakini husikia. Hijabu zangu nanunua Jakarta, na mama mwenye duka ninayechukua mzigo kwake ni mwenyeji wa Medan. Alipomwoza binti yake alinialika. Nikaenda. Harusi ilikuwa nzuri, siwezi kuieleza hapa, maana akili yangu haikuwa harusini. Kesho yake niliomba nipelekwe kwenye keki. Kuna mtaa mzima wa keki hiyo, duka mlango kwa mlango, na kila duka linaapa ndilo la asili. Wenyeji walinionyesha lenyewe, lenye foleni iliyotoka mpaka barabarani. Nikasimama juani, nikasubiri zamu yangu kama watu wote.

Nilionja hotelini. Ilikuwa ya manjano, chini imeungua kidogo, na mashimo yamesimama wima, ukichungulia juu unaona chini. Mwongo yule alikuwa amesema kweli. Niliudhika sana. Halafu nikatafuna tena, taratibu, tui, hamira, ule uvutaji wake mdomoni, nikaanza kucheka peke yangu chumbani. Ilikuwa ndugu wa mkate wa kumimina, wa baba mmoja kama si wa mama mmoja.

Keki ile haikai siku nyingi. Niliipakata kuanzia Medan mpaka Johannesburg, sikuiweka chini hata kwenda msalani. Nilitua alfajiri, nikapita nyumbani kuoga tu, na kabla ya adhuhuri nikawa mbele ya kigoda.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Hakuinua macho, alikuwa na gurudumu.

"Nimekuletea ushuru. Wa Medan."

Gurudumu likasimama. Msusi akatoka, kitana kichwani. Mkenya wa benki alikuwepo, amefuata sanduku lake, naye akaegemea gari kusubiri. Niliweka boksi mapajani mwa Fundi. Akaigusa ile kamba, fundo lake, akalizungusha boksi akasoma maandishi asiyoyajua.

"Fungua basi," nikasema.

"Leo Alhamisi," akasema. "Nimefunga."

"Papa Fundi," akasema Msusi, "mi nilikuona na chai asubui. Na mukate. Kufunga ya namna gani, hiyo?"

"Ulimwona mtu mwingine."

"Aii Fundi," akasema Mkenya, "si uonje tu kidogo? Hii ndiyo ile umetuambia miaka yote."

"Mtu amefunga, mnamlazimisha. Ninyi Waislamu wa wapi?"

"Mi ni Mukatoliki," akasema Msusi.

Wakaondoka wakicheka. Mimi sikuondoka moyoni. Nilijua nimeshika mkia wa kitu, ila sikujua ni kitu gani. Magharibi nikarudi. Saluni imefungwa, adhana imelia kwenye simu yake, na boksi liko vile vile mapajani. Alifuturu kwa maji, kwa taratibu zote, mtu aliyekunywa chai ya vijiko vinne.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa juu ya sanduku la mteja. "Sikushuka, binti."

"Hukushuka wapi?"

"Medan. Sikushuka melini."

Akanieleza. Hakuwa baharia, alikuwa mzamiaji, kama vijana wengi wa Dar wa zama zile. Alijificha kwenye meli bandarini Durban ili afike Ulaya. Meli aliichagua mwenyewe, kwa bendera. Aliona nyuma yake bendera ya nchi ya Ulaya, akadhani meli hurudi kwa mwenye bendera kama ng'ombe wanavyorudi zizini jioni. Ilikuwa meli ya mafuta ya mawese, na ilikuwa inarudi Sumatra kuchukua mengine. Njaa ilipomtoa mafichoni walimfungia kwenye chumba kidogo, na bandari ya Medan haikumtaka, hivyo hakuruhusiwa kukanyaga nchi. Aliiona Medan kwa dirisha la duara: kreni, matangi, na mvua.

"Na keki?"

Mlinzi wa mlango wake alikuwa baharia mwenyeji wa Medan, Mkristo, mtu mpole. Siku ya kwanza alimletea nyama. Fundi akaogopa ni nguruwe, na kukataa akaona haya, basi akamweleza kwa ishara kwamba amefunga. Akaona yule mtu ameinamisha kichwa kwa heshima. Akaipenda heshima ile, na siku zilizofuata akaendelea kufunga mchana. Meli ilipotia nanga baharia akaenda kwao, akarudi na boksi la kamba. Akalifungua mlangoni mwa Fundi, vipande vimepangwa, mashimo yamesimama wima, akanyoosha mkono kumpa. Kisha akakumbuka. Akaurudisha mkono, akaomba radhi kwa viganja viwili, akaenda kuila keki mwisho wa ujia ili asimtamanishe mtu wa Mungu. Jua lilipozama alikuja na wali, na boksi tupu, akamwonyesha ndani kwa masikitiko. Wenzake walikuwa wamemaliza.

"Harufu ilibaki," akasema Fundi. "Ilibaki mpaka waliponirudisha Durban."

Nilicheka. Nilijizuia nikashindwa, nikacheka mpaka sanduku likayumba chini yangu. Yeye aliningoja nimalize. Kisha akafungua kamba, hakuikata, aliifungua fundo kwa fundo, akatoa kipande, akachungulia mashimo, akala. Alitafuna muda mrefu.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hiyo."

"Inafanana na ule mkate wako wa Idd."

Nilikwenda nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Sikumwambia mtu habari ya ile meli. Sikuwa na haja, nilikuwa na hukumu yangu mfukoni, na imetoka mdomoni mwake mwenyewe.

Juma lililofuata kijana mmoja alirudi kutoka Zanzibar na halua. Tukajipanga kusikiliza. Fundi akaonja. "Tamu," akasema. "Asante sana." Tukasubiri. Hakutazama robot, hakupumua, alirudi kwenye zipu yake. Msusi akanikonyeza, "Papa njo mugonjwa?" Akaja mtu na visheti, "Vizuri, mwanangu." Akaja mwingine, mjinga, na pete ya funguo, akaipokea na kuitundika kwenye msumari. Alionekana na heri nyingi, mzee mtulivu, na mtaa ukaanza kumkimbia. Mtu aliyetukanwa na Fundi alikuwa na la kusimulia mwezi mzima. Aliyeshukuriwa hakuwa na kitu. Polepole watu wakaacha kuleta, wanachukua mabegi yao, eish, asante, sharp, wanaondoka. Na mkate wangu wa kumimina, uliokuwa sasa sawasawa na keki ya Medan, haukuwa na mtu wa kuutetea wala wa kuushambulia. Sikuufurahia ushindi ule. Nilijiambia ni uzee, haunihusu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni juzi juzi, nilipokuwa narudi Jakarta kwa mzigo. Nilimpelekea begi lenye gurudumu bovu. Nilikuwa nimelijaza kupita kiasi kwa makusudi, nikiomba anitukane. Akalinyanyua, akalishusha.

"Sawa," akasema.

Akalitengeneza gurudumu. Akanikabidhi bila kulishikilia.

"Nikuletee nini, Fundi?"

"Rudi salama tu, binti. Inatosha."

Maneno mema kabisa, na yaliniuma kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilisimama pale na begi langu, hasira imenipanda, sijui namkasirikia yeye au keki.

"Fundi, nina neno," nikasema. "Keki ile sikuinunua duka lenyewe."

Sindano ikasimama katikati ya begi la mtu mwingine.

"Mtaa ule una maduka mlango kwa mlango. Lenyewe lilikuwa na foleni mpaka barabarani, na jua kali. Nikachoka. Nikaingia duka la jirani."

"Foleni," akasema.

"Ndefu."

Akainua macho. Alinitazama kwa muda, na sijui mpaka leo kama aliniamini, maana mwongo humjua mwongo mwenzake.

"Nilijua," akasema. "Nilipoitia mdomoni tu nilijua. Nikasema nisimvunje moyo, mtoto wa watu ametoka mbali. Lakini ile si keki. Ule ulikuwa mkate wako wa Idd umevaa boksi."

"Nisamehe, Fundi."

"Wewe Mkongo!" akaita, na sauti yake ikafika upande wa pili wa barabara. Msusi akatoka mbio. Wanawake wawili waliokuwa wanapita wakasimama. "Njoo umsikie mwanamke huyu wa Tanga. Amevuka bahari, amefika Medan yenyewe, mlangoni kabisa, akashindwa kupanga foleni."

"Kweli, mama?" Msusi akaniuliza, ameweka mikono kiunoni, macho yanamng'aa.

"Kweli," nikasema.

Fundi akawageukia wale wanawake, akaanza kuwaeleza tangu mwanzo jinsi watu wa Tanga walivyo wavivu wa kusimama, na mimi nikabaki pale pale nikitukanwa, begi mkononi, mpaka nilipokaribia kuikosa ndege.